Tanzania au Zambia: ulinganisho kwa familia za Tunduma, Mbeya na Iringa zinazofikiria kuvuka mpaka

Familia nyingi za Tunduma zina mguu mmoja huku na mwingine Nakonde, upande wa Zambia. Wanyamwanga wapo pande zote mbili, wameoana na kuzikana, na kwacha na shilingi hulala kwenye mfuko mmoja. Kwa hiyo swali la upande upi maisha ya watu yamesonga mbele zaidi huku kwetu huulizwa na mama anayetaka kujua kama ampeleke bintiye akasome kwa shangazi yake Nakonde. Huulizwa na kijana aliyemaliza chuo Mbeya na kuitiwa kazi Kitwe. Huulizwa pia na mkulima wa Momba ambaye mjomba wake amempa shamba upande wa pili. Wote hao wanastahili jibu linaloeleweka, lenye takwimu za kweli, badala ya zile sifa za kijiweni kwamba "Zambia kuna hela" au "Tanzania kuna amani".

Nitaanza na kipimo kinachotumiwa na dunia nzima, kisha nikifumue, maana ndani yake kuna mambo yanayoweza kumpotosha mzazi.

Alama za Umoja wa Mataifa

Tangu 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, hutoa Fahirisi ya Maendeleo ya Watu. Aliyeiasisi ni mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, akisaidiwa na Amartya Sen wa India. Hoja yao ilikuwa kwamba utajiri wa nchi peke yake hauonyeshi watu wake wanaishije. Wakaunganisha mambo matatu: umri ambao mtoto anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi, miaka ya shule, na kipato cha wastani kwa kila mtu. Nchi hupewa alama kati ya 0 na 1. Chini ya 0.550 ni maendeleo ya chini, na kuanzia hapo hadi chini ya 0.700 ni ya kati.

Katika ripoti ya 2025, inayotumia takwimu za 2023, Zambia ina 0.595 na ni ya 154 kati ya nchi 193. Tanzania ina 0.555 na ni ya 165. Ndiyo kwanza Tanzania imevuka kuingia kundi la kati, kwa sababu ripoti iliyotangulia iliipa 0.532.

Kwa kipimo hiki, basi, Zambia iko mbele. Lakini tofauti hiyo imetoka wapi? Umri wa kuishi unakaribiana, miaka 66 hadi 67 kila upande. Kipato cha wastani nacho hakipishani sana. Kilichoinua alama za Zambia ni shule. Mtoto wa Zambia anayeanza darasa la kwanza anatarajiwa kusoma karibu miaka 11, wa Tanzania karibu 9, na Mzambia mtu mzima wa wastani amekaa darasani zaidi ya miaka 7 wakati Mtanzania amekaa kama 6. Anayetaka kuchagua kwa kufuata fahirisi hii anapaswa kuitazama shule kwanza.

Shule: miaka mingi, na kinachofundishwa ndani ya hiyo miaka

Pande zote mbili zimefuta ada, kwa nyakati tofauti. Zambia iliondoa ada gredi ya 1 hadi ya 7 mwaka 2002, na Januari 2022 serikali ya Hakainde Hichilema ikafuta hadi sekondari. Mwaka huohuo iliajiri walimu 30,496 kwa mkupuo. Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne Januari 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Matokeo yamefanana: watoto wamefurika, madawati hayatoshi, na mwalimu mmoja anabeba darasa la walimu wawili au watatu. Mzazi aliyewahi kuchungulia dirishani kwenye shule ya msingi ya serikali Tunduma mjini anajua ninachosema, na Nakonde hali haitofautiani sana. Michango midogomidogo ya chakula, mtihani na mlinzi ipo kotekote. Usivuke mpaka ukidhani unaikimbia.

Sasa, fahirisi inahesabu miaka. Haiulizi mtoto amejifunza nini katika miaka hiyo. Mwaka 2007 mtihani wa kikanda wa SACMEQ ulipima wanafunzi wa darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika. Watoto wa Tanzania walipata alama 578 katika kusoma na 553 katika hisabati. Wa Zambia walipata 434 na 435. Hilo ni pengo kubwa mno, na lilionekana wakati huohuo Zambia ikiwa mbele kwa miaka ya shule. Takwimu hizo ni za zamani na shule zimebadilika tangu hapo kwa pande zote, ila chanzo kimojawapo cha pengo lile bado kipo: watoto wa Tanzania waliufanya mtihani kwa Kiswahili, lugha wanayoizungumza kutwa, na wa Zambia waliufanya kwa Kiingereza.

Hili nalichukulia kwa uzito kuliko kitu kingine chochote kwenye ulinganisho huu. Zambia, kwa utaratibu ulioanza 2014, hufundisha kwa lugha za kikanda gredi za mwanzo, kisha huhamia Kiingereza. Lugha ya shule kwa mkoa wa Muchinga, iliko Nakonde, ni Kibemba. Mtoto wa Kinyamwanga aliyekulia Tunduma akizungumza Kiswahili, ukimhamishia Nakonde akiwa gredi ya 2, atakutana na Kibemba, kisha baada ya miaka michache Kiingereza. Atakuwa amebadilishiwa lugha mara mbili kabla hajajua kusoma vizuri. Upande wa Tanzania shule ya msingi ya serikali ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho, halafu Kiingereza kinampiga mtoto kidato cha kwanza, na wengi huanguka hapohapo. Kila upande una shimo lake, ila shimo la Tanzania linakuja mtoto akishajua kusoma na kuhesabu.

Kwa hiyo mama anayeuliza kuhusu bintiye wa miaka 8 ningemwambia: muache amalize msingi huku. Binti wa miaka 15 au 16 aliyefaulu na anayetaka Kiingereza kilichonyooka, huyo anaweza kufaidika kwa shangazi yake, kwa sababu sekondari ya Zambia inampokea mwanafunzi aliyekwisha kutumia Kiingereza miaka kadhaa, na hata nje ya darasa lugha hiyo anaisikia. Mpeleke mwanzo wa mwaka, Januari, ili asiingie katikati.

Kuna jambo jingine kwa wazazi wa mabinti. Zambia iliweka mwaka 1997 utaratibu wa kumrudisha shuleni binti aliyejifungua. Tanzania iliwafungia milango mabinti hao kwa miaka mingi na ikaifungua Novemba 2021. Leo sera zinafanana kwenye karatasi. Lakini shule iliyozoea jambo kwa zaidi ya miaka 20 na shule iliyoanza juzi hazimpokei binti kwa macho yaleyale, na katika hili Zambia imetutangulia.

Afya, na aibu ya ghala la chakula

Zambia ilipigwa vibaya na UKIMWI. Mwishoni mwa miaka ya 1990 umri wa kuishi wa Mzambia ulikuwa umeshuka chini ya miaka 50. Kupanda hadi 66 leo ni kazi kubwa ya wauguzi, wahudumu wa ngazi ya jamii na dawa zilizofika hadi vijijini. Utafiti wa 2021 ulikuta asilimia 11.0 ya Wazambia wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Utafiti wa Tanzania wa 2022/23, kwa umri huohuo, ulikuta asilimia 4.4.

Hapo mtu wa Dar es Salaam atasema Tanzania imeshinda. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini asiseme hivyo. Utafiti huohuo ulikuta Njombe ina asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Sisi tunaishi kwenye takwimu za Zambia ndani ya mipaka ya Tanzania. Barabara kuu ya Tanzam, vituo vya malori, vibarua wa mashamba ya chai na misitu, yote yamechangia. Kwa hiyo anayeogopa kwenda Nakonde kwa sababu ya UKIMWI akabaki Makambako hajakwepa chochote. Na katika kupambana, Zambia iko mbele kidogo: kwenye tafiti hizo, kati ya watu wazima wenye VVU, wanaojua hali zao walikuwa karibu asilimia 89 Zambia na karibu 83 Tanzania. Anayejua hali yake hupata dawa, na anayemeza dawa huishi.

Kwa mama na mtoto mizani inaelemea Tanzania. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 ulionyesha vifo vya akina mama 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Zambia katika utafiti wake wa 2018 ilikuwa na 252. Watoto wanaofariki kabla ya miaka mitano walikuwa 43 kwa kila 1,000 Tanzania mwaka 2022, na 61 Zambia mwaka 2018. Miaka ya tafiti haifanani na Zambia nayo imeendelea kusogea, kwa hiyo usiyashike kama matokeo ya mechi. Mwelekeo wenyewe lakini uko wazi: vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji vilivyojengwa wilayani Tanzania vimeokoa akina mama. Mkazi wa Tunduma ana jambo la ziada: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pamoja na Meta kwa wazazi, ni mwendo wa kilomita 100 na kitu. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000.

Gharama: Zambia iliondoa malipo kwenye vituo vya ngazi ya msingi vijijini mwaka 2006, kisha ikaanzisha bima ya taifa ya NHIMA kwa sheria ya 2018. Huku kwetu Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, umekuwa ikichukua shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha utaratibu huo, kwa hiyo ulizia kiwango cha sasa kwa mtendaji wa kata. Kwa familia masikini ya kijijini, kutibiwa mafua na malaria ni nafuu zaidi Zambia, kama dawa zipo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Utafiti wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano wenye udumavu ni asilimia 30 kwa Tanzania nzima. Zambia ilikuwa na 35 mwaka 2018. Iringa ilikuwa na 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Mikoa inayolisha nchi, inayojaza maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa. Hakuna mkoa wa Tanzania ulioizidi Iringa kwa hilo.

Nenda kliniki yoyote ya kijijini Kilolo au Mufindi siku ya kupima watoto. Mama anaweka mtoto wa miaka miwili kwenye mizani, mashavu yamejaa, mikono minene. Muuguzi anazungusha utepe kwenye mkono wa mtoto, unasoma kijani, mama anatabasamu. Kisha mtoto analazwa kwenye ubao wa kupimia urefu na miguu yake inaishia pale ambapo ingefaa iishie ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Utepe ule unaonyesha kukonda, hauoni udumavu. Mama anarudi nyumbani akiamini mtoto wake hana tatizo, kwa sababu anashiba ugali asubuhi, mchana na jioni, na viazi katikati. Maziwa yamekwenda kwa mnunuzi, mayai yameuzwa ili kununua sabuni, maharage yapo kwenye gunia yakisubiri bei ipande, na parachichi zimepakiwa kwenye kreti. Mama mwenyewe yuko shambani tangu alfajiri, mtoto amebaki na dada yake wa miaka saba anayempa uji mwepesi usio na kitu ndani. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, zikishapita hivyo, kimo kilichopotea hakirudi, na uwezo wa kujifunza nao unabaki umepungua.

Nalisema hili katika ulinganisho wa nchi mbili kwa sababu linaonyesha wazi kwamba kijiji na jiko vinaweza kumwamulia mtoto kuliko bendera. Familia inayohama Iringa kwenda Zambia na kuendelea na mlo wa unga mtupu, huko ukiitwa nshima, haijamsaidia mtoto. Na familia inayobaki Mufindi ikaweka yai moja kwa siku, dagaa waliotwangwa kwenye uji na maharage ya watoto kabla ya kuuza gunia, imempa mtoto wake kitu ambacho alama 0.040 za tofauti kati ya Zambia na Tanzania haziwezi kumpa.

Mfuko: wastani wa nani?

Zambia imejengwa juu ya shaba. Kitwe, Ndola na Chingola zilikuwa na mishahara, hospitali za migodi na nyumba za kampuni wakati Mbeya bado ni mji mdogo. Bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, nchi nzima ilitetereka nayo. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya hati fungani zake za nje. Imeshajipanga upya, lakini nchi inayotegemea kitu kimoja hupanda na kushuka nacho, na anayehamia huko anapanda na kushuka nayo.

Kikubwa zaidi kwa anayechagua ni mgawanyo. Kwa kipimo cha dola 2.15 kwa siku ambacho Benki ya Dunia ilikuwa ikikitumia, masikini wa kupindukia walikuwa kama asilimia 45 ya Watanzania mwaka 2018, na kama asilimia 64 ya Wazambia mwaka 2022. Takwimu za Zambia yenyewe za 2022 zinasema umasikini vijijini ulikuwa asilimia 78.8 na mijini 31.9. Kipimo cha Gini, ambacho kikikaribia 100 maana yake wachache wanakula karibu vyote, kilikuwa 51.5 Zambia na 40.5 Tanzania kwenye tafiti hizo.

Nchi yenye alama za juu zaidi za maendeleo ya watu, basi, ndiyo yenye asilimia kubwa zaidi ya masikini. Wastani unapandishwa na wa Lusaka na wa migodini. Kabla hujaamua, jiulize utakuwa nani ukishafika. Mhandisi, fundi mitambo mwenye cheti, muuguzi, mhasibu anayekwenda kwenye ajira iliyoandikwa, huyo anaingia upande wa juu wa ule wastani na anaweza kuishi vizuri Kitwe kuliko Mbeya. Mkulima au mama wa genge anaingia upande wa chini, na upande wa chini wa Zambia uko chini kuliko wa kwetu.

Ukame wa 2024 uliliweka hili hadharani. Februari mwaka huo Zambia ilitangaza janga la kitaifa. Mavuno ya mahindi yalianguka hadi kama tani milioni 1.5, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Ziwa Kariba lilipungua, umeme ukawa wa saa chache kwa siku, na wenye saluni, mashine za kusaga na friji za samaki wakafunga. Katikati ya mwaka Zambia ilikubaliana na NFRA kununua tani 650,000 za mahindi ya Tanzania. Wakati huohuo bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikuwa limeanza kuingiza umeme kwenye gridi yetu. Mwaka 2025 Zambia ilivuna zaidi ya tani milioni 3.6, rekodi yake, kwa hiyo hali ya 2024 si ya kudumu. Lakini mvua za kusini mwa Zambia haziaminiki kama za Rungwe na Mbozi, na mkulima hawezi kupuuza hilo.

Yule mkulima wa Momba aliyepewa shamba na mjomba: lime kama la pili, ukibaki na la kwanza.

Makaratasi

Hapa ndipo familia nyingi hukwama baada ya kuwa zimeshaamua. Mtanzania akienda Zambia kutembea hahitaji viza, lakini kufanya kazi kunahitaji kibali cha uhamiaji, na kuuza dukani bila kibali ni kosa hata kama duka ni la shemeji yako. Zambia inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu marekebisho ya katiba ya 2016. Tanzania, kwa sheria ya 1995, hairuhusu kwa mtu mzima: mtoto mwenye haki ya uraia wa pande zote anapofika miaka 18 inambidi achague. Kijana aliyesoma Nakonde kwa karatasi za Zambia, kisha akaja kuomba mkopo wa chuo Mbeya kama Mtanzania, atasumbuka sana.

Kwa hiyo kabla ya begi la shule kufungwa, mtoto awe na cheti cha kuzaliwa cha upande mmoja tu, kilichoandikwa majina yaleyale yatakayokuwa kwenye ripoti za shule, herufi kwa herufi. Akihama katikati ya masomo, barua ya uhamisho na matokeo yake yagongwe muhuri na ofisi ya elimu ya wilaya anakotoka, na nakala zibaki nyumbani kwa mama.